Ardhi ya umma Marekani: uende ipi kuwinda, kuvua au kulenga shabaha?

Mtu aliyekulia Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, au Tanzania, ambako vitalu vya uwindaji hukodishwa kwa makampuni, hushangaa anapofika Idaho au Montana. Anaambiwa mlima ule anaouona toka barabarani ni wa umma, na kwamba akiwa na leseni ya jimbo anaweza kuupanda na bunduki begani bila kupiga hodi kwa mtu. Ni kweli, ila si kwa kila mlima. Ardhi ya umma ya Marekani ina wasimamizi tofauti na sheria tofauti, na mipaka yake mara nyingi haina uzio wala kibao. Hatua mia mbele inaweza kukutoa mahali pa halali ikakuingiza mahali pa faini.

Wengi huuliza kwanza wapi kuna kulungu wengi. Mimi nashauri uanze na swali jingine: pale ambapo hakuna kibao chochote, sheria inapahesabu pako wazi au pamefungwa? Ukishajua jibu lake kwa kila aina ya ardhi, nusu ya kazi ya kuchagua imekwisha.

BLM na misitu ya taifa: pako wazi mpaka pafungwe

Hawa ndio wasimamizi wawili wakubwa. BLM (Bureau of Land Management), idara ya serikali kuu ya kusimamia ardhi, inashika ekari zipatazo milioni 245, nyingi zikiwa nyika, jangwa na vilima vya magharibi. Misitu ya taifa iko chini ya Wizara ya Kilimo na ina ekari zipatazo milioni 193. Kwa Idaho peke yake, misitu ya taifa inazidi ekari milioni 20 na BLM ina karibu milioni 12. Anayeishi Boise au Twin Falls, na Waswahili tuko wengi huko, wengi wetu tukiwa tumetoka Kongo, amezungukwa na ardhi hizi pande zote.

Kwa muda mrefu uwazi wa ardhi hizi ulisimama juu ya mazoea na sera zaidi ya maneno ya sheria. Sheria ya 1976 inayoiongoza BLM iliruhusu maeneo yafungwe kwa sababu za usalama, uendeshaji au matakwa ya sheria nyingine, lakini haikusema kinagaubaga kwamba pasipofungwa pako wazi. Hilo lilikuja tarehe 12 Machi 2019, iliposainiwa sheria yenye jina la John D. Dingell Jr., mbunge wa zamani wa Michigan aliyefariki mwezi mmoja kabla. Ilipita Seneti kwa kura 92 dhidi ya 8, na Baraza la Wawakilishi kwa 363 dhidi ya 62. Katika Bunge lililogawanyika namna ile, kura za aina hiyo ni adimu.

Sheria hiyo inatamka kwamba ardhi ya BLM na ya misitu ya taifa iko wazi kwa kuwinda, kuvua na kulenga shabaha, isipokuwa pale msimamizi anapoifunga. Akitaka kufunga, lazima afunge eneo dogo kabisa linalotosha, kwa muda mfupi kabisa unaotosha. Lazima ashauriane na idara ya wanyamapori ya jimbo, atangaze, na apokee maoni ya wananchi. Dharura, kama moto wa nyika, inamruhusu kufunga papo hapo, lakini ufungaji wa dharura hauwezi kupita siku 180. Kwangu mimi hii ndiyo sheria bora ya aina yake nchini humo, kwa sababu anayepaswa kujieleza ni ofisi inayofunga. Mwananchi hahitaji kueleza kwa nini anataka kuingia.

Je, uchague ipi kati ya hizo mbili? Kwa mwindaji wa mara ya kwanza, ningesema msitu wa taifa. Una barabara zenye namba, ramani za bure zinazoonyesha njia zipi zinaruhusu magari, maji ya kunywea wanyama, na miti ya kumficha mtu asiyejua bado kujificha. Kwa anayetaka kulenga shabaha, ningesema BLM. Katika misitu ya taifa ni kosa kufyatua risasi ndani ya yadi 150 za nyumba, kambi au mahali penye watu. Ni kosa pia kuvusha risasi juu ya barabara ya msitu, au juu ya maji yaliyo kandokando yake. Misitu ikiwa na barabara nyingi na wapiga kambi wengi, kupata kona iliyo salama kwa bunduki ya masafa marefu si rahisi. Nyika ya BLM ina nafasi, na ukitafuta kilima cha udongo cha kuzuia risasi hukikosi.

Nafasi hiyo ndiyo iliyowafanya baadhi ya watu kuharibu. Kusini mwa Arizona kuna eneo la BLM liitwalo Ironwood Forest, lenye misitu ya saguaro, ile mimea mirefu ya miiba (dungusi kakati) yenye mikono inayoweza kuishi zaidi ya miaka 150. Watu waliitumia kama shabaha. Ganda la saguaro likitobolewa mara nyingi, mmea unaoza kutoka ndani na kuanguka. Mpango wa usimamizi wa 2013 ukafunga eneo lote hilo kwa kulenga shabaha. Uwindaji haukufungwa. Shika tofauti hiyo, maana wengi huichanganya: kisheria, kuwinda na kulenga shabaha ni mambo mawili, na kibao kinachokataza moja hakikatazi jingine mpaka kiseme.

Kwa hiyo ukienda BLM kulenga, nenda na shabaha za karatasi au za chuma zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na urudi na maganda yako yote. Televisheni mbovu, chupa na mitungi ya gesi inayoachwa porini ndiyo inayowapa wasimamizi sababu ya kufunga. Wakati wa kiangazi angalia amri za moto za wilaya yako. Shabaha za kulipuka na risasi zinazoacha mstari wa moto hukatazwa kabisa kipindi hicho. Familia yenye watoto, au mtu anayejifunza kushika bunduki, afadhali aende kwenye uwanja wa shabaha. Sheria nyingine ya Mei 2019 iliruhusu majimbo kulipia hadi asilimia 90 ya gharama za viwanja vya umma kwa fedha za kodi ya bunduki na risasi, kodi ambayo tangu 1937 imetengwa kwa ajili ya wanyamapori. Ukinunua boksi la risasi umekwisha kuchangia, nenda ukautumie.

Hifadhi za wanyamapori: pamefungwa mpaka pafunguliwe

Ukiona kibao chenye bata bukini wa bluu anayeruka na maneno National Wildlife Refuge, geuza fikra zako. Hapa kanuni ni kinyume cha BLM. Hifadhi hizi zilianza 1903, Rais Theodore Roosevelt alipokilinda kisiwa cha Pelican Island huko Florida, na kazi yake ya kwanza ni wanyama wenyewe. Kanuni ya uwazi ya 2019 niliyoieleza haizigusi. Zinaongozwa na sheria ya Oktoba 1997, iliyoweka matumizi sita ya kipaumbele: kuwinda, kuvua, kutazama wanyama, kupiga picha, na aina mbili za elimu ya mazingira. Kila moja huruhusiwa baada ya msimamizi kuthibitisha kwa maandishi kwamba haligongani na lengo la hifadhi ile.

Kulenga shabaha hakumo kwenye orodha ya sita. Usijaribu.

Usidhani kwamba ugumu huo unazifanya chaguo baya. Kwa bata na bata bukini, mara nyingi ndizo mahali bora. Zaidi ya hifadhi 400 zimefunguliwa kwa uwindaji wa aina fulani, na kwa sababu kila moja ina mpango wake, unajua hasa siku zipi, upande upi wa ziwa, kwa mashua ya aina gani. Nyingine hutoa vibali kwa bahati nasibu, hivyo huwakuti watu ishirini wamejipanga ukingo mmoja. Karibu na Boise kuna Deer Flat, inayozunguka Lake Lowell kule Nampa, iliyotengwa tangu 1909. Huko mtu anaweza kuvua samaki majira ya joto na kuwinda bata majira ya baridi, kwa masharti ya pale pale.

Mambo mawili ni ya lazima kwa mwindaji wa bata mahali popote nchini. Kwanza, stempu ya bata ya shirikisho, ambayo ni kibali cha kuwinda bata, kwa kila mwenye miaka 16 na zaidi, dola 25. Senti 98 za kila dola hununua na kulinda maeneo oevu, na stempu hiyo hiyo inakuingiza bure kwenye hifadhi zinazotoza kiingilio. Pili, marisau yasiwe ya madini ya risasi. Tangu 1991 ni marufuku kwa ndege wa majini nchi nzima, kwa sababu bata humeza yale yanayozama tope na kufa kwa sumu. Nunua ya chuma, na usome boksi kabla ya kulipa.

Ardhi ya jimbo: usifikiri kwamba ya umma ni ya kila mtu

Hapa ndipo wageni wengi hukosea, na wenyeji pia. Majimbo ya magharibi yalipoingia kwenye muungano yalipewa ardhi ya kuzalisha fedha za shule. Ardhi hiyo ni kama shamba la wakfu: ina mwenyewe, na mwenyewe ni mwanafunzi. Jimbo linawajibika kuikodisha kwa wafugaji, wakata mbao na wachimba madini ili ilete mapato. Burudani yako inakuja baadaye, ikiwa inakuja.

Matokeo yake ni kwamba huwezi kuchukua kanuni ya jimbo moja ukaipeleka lingine. Colorado ardhi hiyo imefungwa kwa umma, isipokuwa vipande ambavyo idara ya wanyamapori ya jimbo imevikodi kwa ajili ya wawindaji na wavuvi. Arizona mtu wa kawaida anahitaji kibali hata kutembea, ila mwenye leseni halali ya uwindaji au uvuvi anaingia kwa ajili ya shughuli hiyo. Idaho sehemu kubwa iko wazi, na idara ya wanyamapori hulipa ili iendelee kuwa wazi. Ukiwa Idaho itumie bila wasiwasi, lakini usijenge mpango wako wa miaka juu yake, kwani mkataba ukibadilika na njia yako inabadilika.

Mtu anaweza kusema, "Lakini katiba ya jimbo letu inalinda haki ya kuwinda." Ni kweli. Vermont iliandika haki hiyo tangu 1777, Montana iliongeza kifungu chake 2004, Idaho 2012, na Florida 2024. Zaidi ya majimbo 20 sasa yana kifungu cha namna hiyo. Kifungu hicho kinazuia bunge la jimbo lisikuamkie siku moja na kufuta uwindaji wote. Hakikupi mahali pa kuwinda, na kile cha Idaho kinasema waziwazi kwamba hakihalalishi kuingia ardhi ya mtu binafsi. Ukinilazimisha kuchagua kati ya kifungu cha katiba na sheria ya 2019, nachukua ile ya 2019. Haki isiyo na ardhi ya kusimama haimshibishi mtu.

Hifadhi za taifa

Yellowstone imefungwa kwa uwindaji kwa sheria tangu 1894, na hivyo ndivyo ilivyo kwa hifadhi za taifa karibu zote. Penye uwindaji ni pale Bunge lilipoagiza kwa jina. Uvuvi ni habari nyingine. Hifadhi nyingi zinauruhusu, na Yellowstone hutumia kibali chake yenyewe badala ya leseni ya jimbo. Mvuvi wa trauti aiweke kwenye orodha yake. Mwindaji apite.

Ardhi iko wazi, lakini unafikaje?

Hili linastahili kukaa nalo, kwa sababu sheria nzuri kabisa haikusaidii kama kipande cha umma kimezingirwa na ranchi za watu. Utafiti wa 2018 uliofanywa na shirika la wawindaji TRCP na kampuni ya ramani onX uliona ekari milioni 9.52 za shirikisho magharibi ambazo hazina njia ya kudumu na ya kisheria ya kuzifikia.

Sehemu ya hizo ni urithi wa reli. Karne ya 19 serikali iliyapa makampuni ya reli vipande vya maili moja ya mraba, kimoja chao, kinachofuata cha umma, kama ubao wa drafti. Vipande vya umma vinagusana kwa kona tu. Je, unaruhusiwa kuvuka kwenye kona, mguu mmoja huku na mwingine kule, mwili ukipita hewani juu ya ardhi ya mtu?

Wawindaji wanne wa Missouri walilijibu swali hilo kwa vitendo huko Elk Mountain, Wyoming. Mwaka 2020 baadhi yao waliikuta kona imewekewa nguzo mbili za chuma, mnyororo katikati, na vibao vya kukataza kuingia. Wakashika nguzo na kuzunguka. Mwaka uliofuata walirudi wote wanne na ngazi ya chuma waliyoitengeneza wenyewe, wakaisimamisha juu ya kona, wakapanda upande wa umma na kushuka upande wa umma bila kukanyaga udongo wa ranchi. Walishtakiwa kwa jinai, na Aprili 2022 baraza la wazee wa mahakama likawaachia. Mwenye ranchi naye alikuwa amefungua kesi ya madai ya mamilioni ya dola. Tarehe 18 Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 10 ikaamua upande wa wawindaji, ikitegemea sheria ya 1885 iliyotungwa kuzuia wafugaji wakubwa wasizungushie uzio ardhi ya umma.

Uamuzi huo una nguvu ya sheria Wyoming, Colorado, Utah, New Mexico, Kansas na Oklahoma. Idaho na Montana ziko mzunguko mwingine wa mahakama, na Montana idara ya wanyamapori bado inasema kuvuka kona si halali. Kwa hiyo mtu mwenye ramani ile ile na buti zile zile anaweza kuwa salama upande mmoja wa mpaka wa jimbo na mashakani upande wa pili. Ikiwa eneo unalolitaka linafikika kwa kona tu, na uko nje ya majimbo hayo sita, chagua eneo lingine.

Mvuvi ana hesabu yake. Idaho kipimo ni gogo: mto ambao maji yake ya kawaida ya msimu wa kujaa yanaweza kubeba gogo linaloelea lenye kipenyo cha zaidi ya inchi 6, au unaopitika kwa chombo kidogo cha makasia au mota, ni njia ya umma mpaka alama ya maji ya juu, hata ukikatiza shamba la mtu. Sharti uingie kwenye daraja au mahali pa umma. Usikatishe malisho ya mtu kuufikia. Montana ina sheria ya 1985 inayofanana na hiyo, na wavuvi wengi huiona bora kuliko zote. Colorado mwenye ardhi humiliki pia sakafu ya mto, na ukitia nanga au kusimama majini mbele ya shamba lake unaweza kushtakiwa. Anayehamia magharibi kwa ajili ya kuvua, na ana uhuru wa kuchagua jimbo, asisite: Montana au Idaho.

Karatasi zako kwanza

Leseni hutolewa na jimbo hata ukiwinda kwenye ardhi ya shirikisho. Idaho inataka uwe umeishi humo miezi 6 ndipo ulipe bei ya mkazi, na aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baadaye lazima awe na cheti cha kozi ya wawindaji au awe amewahi kuwa na leseni. Mtoto mkazi aliye chini ya miaka 14 anavua bila leseni.

Bunduki inahitaji tahadhari zaidi kwa sisi tuliohamia. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu asiye na ukaazi halali kushika bunduki au hata risasi moja, na adhabu yake ni kifungo, pamoja na kuharibu kabisa kesi yake ya uhamiaji. Aliyeingia kwa viza ya muda pia amekatazwa, isipokuwa awe ndani ya vighairi vichache, kimojawapo kikiwa ni kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Mwenye kadi ya kijani yuko ndani ya sheria. Kama hadhi yako ina utata wowote, muulize mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kukubali hata kumshikia rafiki bunduki. Wakati huo chukua fimbo ya kuvulia. Hiyo haina kesi.

Pale sheria ya 2019 isipofika

Sheria ile inalinda uwazi wa ardhi maadamu ni ya umma. Haizuii Bunge kuiuza. Juni 2025 seneta wa Utah, Mike Lee, alitaka mswada mkubwa wa bajeti uagize kuuzwa kwa zaidi ya ekari milioni 2 za BLM na misitu ya taifa. Wawindaji na wavuvi wa vyama vyote viwili waliwapigia simu wawakilishi wao, na tarehe 28 Juni akaliondoa pendekezo lake. Linaweza kurudi kwa mswada mwingine.

Kwa yale yaliyo ndani ya sheria, yaani kufungwa kwa bonde hili au nyika ile, kila ofisi ya wilaya ya BLM na ya msitu hutangaza na kupokea maoni, na si lazima uwe raia ili uandike. Maoni hayahesabiwi kama kura. Ofisi hulazimika kujibu hoja zenye maelezo. Taja bonde kwa jina na barabara kwa namba. Sema unaitumia mwezi gani na kwa shughuli gani, na kama kufunga kwa msimu au sehemu kungetosha, onyesha ni sehemu ipi.